Kwa nini mshauri nasaha nchini Marekani hapewi leseni kamili akishahitimu?

Anayetaka kuwa mshauri nasaha wa afya ya akili nchini Marekani hulazimika kusoma shahada ya uzamili, ambayo katika programu zilizoidhinishwa na CACREP, chombo cha kuidhinisha mafunzo ya ushauri nasaha kilichoanzishwa mwaka 1981, huwa na uniti za masomo zisizopungua 60. Hata hivyo, akishavua joho la mahafali bado haruhusiwi kufanya kazi bila msimamizi.

Sababu kubwa ni kwamba kazi hii hufanyika faraghani. Mlango hufungwa, ndani wamo watu wawili tu, na mengi yanayosemwa humo ni siri inayolindwa na sheria, kwa hiyo mshauri akikosea, ni vigumu mtu mwingine kulijua kosa hilo. Mtihani wa maandishi huonyesha kwamba mtu anazijua dalili za sonona, lakini hauonyeshi anafanya nini mteja anaponyamaza.

Ndiyo maana, kabla hajahitimu, mwanafunzi hufanya mazoezi ya saa 100, kisha mafunzo kazini ya saa 600, ambamo saa 240 au zaidi ni za kuhudumia wateja. Mteja akiridhia, kikao hurekodiwa, na baadaye mwanafunzi hukitazama pamoja na msimamizi wake. Tuseme mteja amesema, "Mama alipofariki sikulia," akanyamaza, naye mwanafunzi akakimbilia kumuuliza habari za kazini. Msimamizi ataisimamisha video hapo hapo na kuuliza: ukimya ule ulimtisha nani, mteja au wewe? Kwa maoni yangu, swali la namna hiyo hufundisha kuliko sura nzima ya kitabu.

Baada ya kuhitimu, kila jimbo lina masharti yake, maana leseni hutolewa na majimbo: Virginia ilitangulia mwaka 1976, na California ikawa ya mwisho kutunga sheria, mwaka 2009. Texas hudai saa 3,000 chini ya msimamizi, nusu yake zikiwa za kuhudumia wateja moja kwa moja, kwa muda usiopungua miezi 18. Ni kipindi kigumu, kwa kuwa mshahara huwa mdogo na wengine humlipa msimamizi kutoka mfukoni mwao. Katika muda wote huo, mhitimu wa Texas huitwa mshauri mshiriki, na tangazo lolote la huduma yake lazima litaje jina la anayemsimamia.