Shetani na Wapiga Fidla: Nani Anamlipa Nani?

Hakuna ala iliyosingiziwa shetani kama fidla. Gitaa lilikuja kudai sehemu yake baadaye, huko Marekani, lakini Ulaya mwenye kesi siku zote alikuwa fidla. Mimi nimeishika ala hii tangu utotoni, nimeipiga kwenye taarabu za harusi hapa Mombasa kuanzia Kibokoni hadi Likoni, na sasa naifundisha, kwa hiyo maswali ya ushetani hayanipiti. Wengi huniletea hadithi za Wazungu waliouza roho, kisha wananiambia, "Si ndiyo yale yale ya majini yetu, mwalimu?"

Siyo. Sura zinafanana, moto na giza na usiku wa manane. Lakini hebu tazama nani anampa nani nini, utaona biashara yenyewe imegeuzwa kichwa chini miguu juu.

Tuanze na Giuseppe Tartini, mpiga fidla na mtunzi, aliyezaliwa mwaka 1692 Pirano, mji wa bandari ambao leo uko Slovenia. Kisa chake tumekipata kupitia mwanafalaki Mfaransa, Lalande, aliyekichapisha mwaka 1769 katika kitabu cha safari zake za Italia. Tartini alimsimulia kwamba usiku mmoja wa mwaka 1713 aliota ameuza roho yake kwa shetani. Shetani akawa mtumishi wake, kila atakalo linatendeka. Mwisho akaona amjaribu: akampa fidla, aone kama anajua kitu. Basi shetani akapiga sonata, utungo wa ala, ambayo Tartini hakuwahi kusikia mfano wake. Akazindukana pumzi zimemkata, akaikimbilia fidla yake aidake ile sauti kabla haijapotea. Alichoambulia ndicho alichokihesabu kuwa kazi yake bora kuliko zote, na bado, alisema, kiko mbali mno na kile cha ndotoni, kiasi kwamba kama angekuwa na njia nyingine ya kujipatia riziki angeivunja fidla na kuachana na muziki moja kwa moja.

Kisa kitamu. Shida yake ni kwamba wajuzi wakiutazama mtindo wa sonata hiyo wanaiweka miaka mingi baada ya 1713, karibu na miaka ya 1740. Mwenyewe alifariki mwaka 1770 bila kuichapisha. Nadhani alikuwa anajua vizuri kwamba msikilizaji hupenda kazi yenye kisa.

Lakini kwa mpiga fidla jambo lenyewe limo vidoleni. Ile sehemu inayobeba jina la shetani iko katika kipande cha mwisho cha sonata hiyo. Weka kidole cha shahada kwenye uzi mmoja, kisha kidole cha kati kiwe kinapiga na kuinuka kwa kasi jirani yake, noti mbili zitetemeke bila kukatika. Hapo pekee mwanafunzi mwenye subira atafika. Sasa, bila kuusimamisha mtetemo ule, kidole cha pete na kidole cha mwisho vihamie uzi wa pili vikapige wimbo mwingine wenye mapigo yake, na upinde uguse nyuzi zote mbili kwa pamoja. Vidole viwili vinakimbia, viwili vinatembea, na vyote ni vya mkono mmoja. Kidole cha pete ndicho msaliti. Mishipa yake imeshikamana na ya kidole cha kati, mmoja akitikisika na mwenziwe anataka kutikisika. Kuwatenganisha ni kazi ya miezi, polepole, kwa mwendo ambao jirani zako watakuchukia. (Na ni mkono wa kushoto, ule tuliofundishwa madrasani kwamba ndio shetani anaotumia kulia chakula. Mwanafunzi mdogo aliniambia hilo kwa furaha kubwa, ati sasa anajua kwa nini haumsikii.)

Baada ya Tartini akaja Niccolò Paganini wa Genoa, na hapo mchezo ukawa mkubwa. Alikuwa mrefu, mwembamba, kapauka, amevaa nyeusi, na mkono wake ulijikunja kwa namna ambayo mikono ya watu haijikunji. Kulikuwa na uvumi kwamba uzi mmoja wa fidla yake ulitengenezwa kwa utumbo wa mwanamke aliyemuua. Yeye mwenyewe alieleza kwamba Vienna, alipokuwa akipiga utungo wake wa wachawi, mtu mmoja alidai amemwona shetani kasimama ubavuni pake anamwongoza mkono na upinde. Uvumi ukamchosha hadi akachapisha barua ya mama yake magazetini, kuthibitisha kwamba alizaliwa na wazazi wa kawaida. Haikumsaidia kitu. Alipofariki Nice mwezi wa Mei 1840, bila kupokea sakramenti za mwisho, askofu alikataa azikwe katika ardhi ya kanisa. Mwili ukahifadhiwa kwa dawa, ukazungushwa huku na huku kwa miaka, na ni mwaka 1876 tu ulipopata kaburi la heshima Parma. Kwa uvumi uleule uliojaza kumbi zake, maiti yake ilikaa miaka 36 bila pa kupumzika.

Marekani hadithi ilihamia njia panda. Robert Johnson, mpiga gitaa wa Mississippi aliyefariki mwaka 1938 akiwa na umri wa miaka 27, anasimuliwa kwamba alikwenda njia panda usiku, shetani akalichukua gitaa, akalitengeneza nyuzi, akamrudishia, na biashara ikaisha hapo. Kisa hicho kilikuwa kinasimuliwa kumhusu mpiga gitaa mwingine, Tommy Johnson, ambaye hawakuwa hata ndugu. Na ule wimbo wa Robert wa njia panda, aliourekodi mwaka 1936, hauna shetani ndani yake. Kuna mtu anaomba lifti, magari yanampita, na jua linakuchwa. Aliyemfundisha anajulikana pia: Ike Zimmerman, mpiga gitaa mkubwa kwake, na walikuwa wakifanya mazoezi makaburini usiku kwa sababu palikuwa kimya na hapakuwa na wa kulalamika. Ninayeishi nyumba za kupanga na fidla ndani, naelewa kabisa.

Angalia sasa zile hadithi tatu zinafanana wapi. Mwanamuziki ni mpokeaji, muziki unatoka kwa shetani. Kinacholipwa ni roho, tena ya mtu mmoja, kwa siri. Hata mkataba wenyewe una sura ya kiofisi. Katika kitabu cha Faust, yule msomi wa hadithi za Kijerumani aliyeuza roho, kilichochapishwa Frankfurt mwaka 1587, mzee yule anatia saini kwa damu yake na anapewa miaka 24. Kuna karatasi, kuna tarehe ya mwisho, na mkopeshaji hasahau.

Sasa njoo huku kwetu, kwenye kupunga pepo.

Mwanamke anaumwa, hospitali wameshindwa kuona kitu, wazee wanasema ana pepo. Anaitwa fundi, yaani mganga wa pepo, na fundi anakuja na watu wake na ngoma zao, upatu wa shaba, na kwa wenzetu wa Kimijikenda kayamba. Ubani unafukizwa. Mgonjwa anakalishwa katikati kafunikwa nguo, na chano iko tayari: halua, marashi, mayai, ndizi. Kisha wapigaji wanaanza kutafuta. Kila pepo ana kabila lake na ngoma yake, yuko wa Kiarabu, wa Kihabeshi, wa Kimasai, na hatoki kwa ngoma ya mwenzake. Wanapiga moja, mgonjwa kakaa tu. Wanabadilisha. Bado. Wanabadilisha tena, na safari hii bega linacheza, kisha kichwa, na hapo wapigaji hawaachi ng'o, wanakaza mapigo mpaka pepo apande kichwani na mwanamke awe kiti chake.

Sasa mazungumzo yanaanza, na si ya siri hata kidogo. "Wewe nani? Watoka wapi? Wataka nini?" Pepo anataja jina lake na kutoa madai: pete ya fedha, kitambaa cha rangi fulani, mbuzi. Shangazi anasema mbuzi hatuna, tutakupa kuku. Pepo ananuna. Jamaa wote wapo, wanasikia, ni mashahidi wa kila ahadi. Mwisho wanakubaliana, na mara nyingi makubaliano si ya kumfukuza bali ya kuishi naye kwa masharti, apate ngoma yake kila baada ya muda fulani. Pepo wa aina hii hata hurithiwa, bibi akifariki humfuata mjukuu.

Zanzibar pepo wa kibuki, wanaotoka upande wa Madagaska, wanataka kinanda cha mkono, akodiani, na brandi. Akodiani ileile ya taarabu! Fundi wa ala huenda akapiga harusini Ijumaa na kwa pepo Jumapili, akalipwa ujira wake pande zote mbili akarudi kwake. Hakuna atakayesema ameuza roho. Pepo ndiye mwenye njaa ya muziki, na mwanamuziki ndiye mwenye mali.

Hiyo ndiyo tofauti ninayoisema. Ulaya shetani anauza muziki, Pwani pepo anaununua.

Najua mtu atanikumbusha kwamba Iblis si pepo wa kupungwa, na ni kweli. Iblis wa Qur'ani aliyekataa kumsujudia Adam ni habari nyingine kabisa, hakuna anayemwandalia chano. Wala masheikh wengi hawaridhii upungaji huu. Hata muziki wenyewe una maneno. Mama mmoja aliyekuja kumwandikisha binti yake aliniuliza, kwa adabu zake zote, "Mwalimu, usinifikirie vibaya, lakini si wanasema hizi ni zumari za shetani?" Nikamwambia, mama, maneno hayo yana asili. Ni hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim: siku ya Idi, Sayyidna Abubakar aliingia kwa bintiye Bi Aisha akakuta wasichana wawili wanaimba, akakemea, zumari ya shetani katika nyumba ya Mtume? Na Mtume (s.a.w.) akamwambia awaache, kila watu wana idi yao na hii ni idi yetu. Kuna na nyingine, Mtume alipoisikia sauti ya Abu Musa al-Ash'ari katika kisomo akamsifu kwamba amepewa zumari miongoni mwa zumari za ukoo wa Daudi. Maulamaa wamekhitilafiana juu ya ala, mimi si wa kuwaamulia. Yule mama alifikiri, akasema, "Basi tuanze Jumamosi, lakini Idi asikose kupiga."

Je, huku Pwani hatuna kabisa hadithi ya kuuza roho? Tunayo sana, ila mshitakiwa ni mwingine. Mtu akipanda ghorofa ghafla na magari matatu, hapo utasikia: anafuga majini, amemtoa mtoto wa ndugu yake. Tajiri ndiye anayenong'onwa, mpiga udi haguswi. Zein l'Abdin alipiga udi maisha yake yote kwa ufundi uliowaacha watu midomo wazi, na walichosema ni kwamba ana mkono. Yule mwanamke mzuri wa usiku mwenye kwato, ambaye kila mtoto wa Mombasa amesimuliwa, sijapata kusikia akimfundisha mtu hata wimbo mmoja.

Na si Pwani peke yake. Mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada ya shetani nchini, chini ya Askofu Mkuu Nicodemus Kirima, na ripoti ikatolewa hadharani mwaka 1999. Kwa wananchi wa kawaida, nakumbuka vizuri, mazungumzo yalikuwa juu ya nani kapata wapi pesa. Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa ameshaliona hilo kabla. Riwaya yake ya Shetani Msalabani, aliyoiandika kwa Kikuyu kwenye karatasi za choo akiwa kizuizini Kamiti mwaka 1978, ina karamu ya shetani ambapo matajiri wanashindana nani mwizi hodari. Ndani yake mzee anasimulia habari za mtu aliyekwenda pangoni akauza roho apate mali. Na wanamuziki wako wapi? Msimulizi wa riwaya nzima ni mpiga gĩcaandĩ, kibuyu cha Wakikuyu cha kupigia muziki, na mhusika mwingine mkuu ni mtunzi wa muziki. Wako upande wa pili wa meza, wao ndio wanaotoa siri.

Nimebakisha swali jingine ninaloletewa, la "sauti ya shetani", yaani umbali kati ya noti za fa na si, sauti tatu nzima, ambao mitandaoni wanasema kanisa lilipiga marufuku na kuwachoma moto waliouimba. Hakuna ushahidi wa marufuku hiyo. Walimu wa zamani waliwaambia waimbaji wauepuke kwa sababu ni mgumu kuupata kwa koo na unayumbisha wimbo, na jina la shetani linaonekana kwenye vitabu vya mwanzo wa karne ya 18, Fux, mtunzi na mwalimu wa muziki, akilitaja mwaka 1725 kama msemo wa walimu. Watunzi wa baadaye ndio waliolichukua kwa uzito. Mtunzi Mfaransa Saint-Saëns, katika ngoma yake ya wafu ya mwaka 1874, anamwambia mpiga fidla aushushe uzi wa mi nusu sauti, ili nyuzi mbili za juu zikipigwa tupu, bila kidole, zitoe umbali huohuo.

Mwenye fidla nyumbani ajaribu, ni dakika moja tu. Legeza kigingi cha mi kidogo kidogo, kisha vuta upinde juu ya la na mi kwa pamoja. Wakati wa kuurudisha ndipo uwe mwangalifu: kaza taratibu, geuza uso pembeni. Uzi wa mi ndio mwembamba kuliko wote, ukikatika unachapa kama bakora, na kuupata mwingine mjini hapa utazunguka maduka mpaka Maghrib.