Polaraizesheni si giza la kioo

Ukipita soko la Makoroboi utauziwa miwani "polaraizdi" kwa sababu moja tu: ni nyeusi. Hilo nilishalizoea. Sasa neno limepanda cheo. Ile picha ya shimo jeusi (kitu chenye mvuto mkubwa kiasi kwamba hata mwanga hauchomoki ndani yake) la katikati ya galaksi yetu, yenye mistari iliyojipinda juu ya duara la rangi ya chungwa, imerudi kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Mwanza, safari hii na maelezo kwamba imepigwa kwa "mwanga uliopolaraizwa, yaani uliopunguzwa makali usiunguze kamera". Hapana jamani.

Mwanga ni wimbi, na wimbi hilo hutetema likikingama na njia linayopita. Mwanga wa jua hutetema ovyo, pande zote. Ukitetema zaidi upande mmoja, umepolaraizwa. Maana imeishia hapo. Shika kamba ya mtumbwi iliyofungwa gatini uitikise, juu na chini au kushoto na kulia: wimbi litafika kulekule. Nguvu ya mkono ni habari moja, upande unaotikisia ni habari nyingine, na ni hizi mbili ambazo watu hawaachi kuzichanganya.

Anayebisha aende kivukoni Kamanga saa kumi na ushei, jua likiwa limeinamia upande wa ziwa. Mng'ao unaoruka juu ya maji kwa pembe hiyo hutetema karibu wote kwa mlalo. Vaa miwani ya kweli: mng'ao unakufa, na karibu na ufukwe unaanza kuona mawe yaliyo chini ya maji. Ivue, izungushe robo duara mbele ya jicho: mng'ao wote umerudi. Weusi wa kioo haujabadilika hata chembe, kilichobadilika ni pembe. Ile ya kubahatisha izungushe mpaka mkono uchoke, ziwa litabaki vilevile, kiza kidogo na bado linawaka. (Ni kweli kioo cha polaraizesheni hula kama nusu ya mwanga wa kawaida, kwa hiyo lazima kiwe na kiza kiasi. Lakini si kila chenye kiza kinachuja.) Mfaransa Étienne-Louis Malus aliliona jambo hili mwaka 1808, akitazama kwa fuwele jua lililoakisiwa na madirisha ya jumba la Luxembourg, Paris. Alipoizungusha fuwele, mwanga ulipanda na kushuka.

Wanaastronomia nao wanasoma pembe hiyohiyo. Shimo letu linaitwa Sagittarius A*, lina uzito wa Jua mara milioni 4 na ushei, na liko umbali wa miaka nuru kama 27,000, yaani mwanga wake husafiri miaka kama 27,000 kutufikia. Mwanga tunaoupata hautoki ndani yake. Unatoka kwenye gesi ya moto inayolizunguka, ambamo elektroni zinakwenda karibu na kasi ya mwanga huku zikijisokota kwenye uga wa sumaku. Mwanga wa aina hii huzaliwa ukiwa tayari umepolaraizwa, na mtetemo wake hukingama na mwelekeo wa sumaku pale ulipozaliwa. Hakuna mtu aliyeuchuja, wala aliyeupunguza.

Na hapo ndipo utamu ulipo. Tarehe 11 Aprili 2017, madishi ya ALMA katika jangwa la Atacama, Chile, yanayonasa mawimbi ya redio (nayo ni mwanga, ila usioonekana kwa macho), yalikuwa yanalitazama shimo hilo muda mfupi baada ya kutokea mlipuko wa eksirei. Kwa ALMA ikiwa peke yake, eneo lile lote ni nukta moja. Huwezi kuona kitu kikizunguka ndani ya nukta. Ila pembe ya polaraizesheni ilianza kugeuka, taratibu, ikachora kitanzi kwenye grafu. Maelezo yaliyochapishwa mwaka 2022 yalikuwa haya: kuna doa la gesi ya moto linalolizunguka shimo kwa dakika 70 hivi, kwenye njia yenye ukubwa unaokaribiana na ule wa njia ya sayari ya Zebaki, kwa karibu asilimia 30 ya kasi ya mwanga. Zebaki yenyewe hulizunguka Jua kwa siku 88.

Kifaa cha GRAVITY kilichoko Paranal, hukohuko Chile, kilikuwa kimeshaona mwaka 2018 madoa ya namna hiyo kwa mwanga wa infraredi, nao pia usioonekana kwa macho, pembe ikigeuka mara moja kwa kila mzunguko. Kama sumaku ingelala kuifuata njia ya doa kama pete, pembe ingegeuka mara mbili. Kugeuka mara moja kunaashiria sumaku iliyosimama wima juu ya njia hiyo. Mwangaza peke yake, uwe mkali au hafifu, usingetueleza hayo.

Turudi kwenye picha ya grupu, iliyotolewa na Event Horizon Telescope, mradi unaounganisha madishi ya redio ya sehemu mbalimbali za dunia, tarehe 27 Machi 2024. Mistari ile si miale wala moshi unaomezwa. Kila mstari unaonyesha upande ambao mwanga wa sehemu ile unatetemea. Kwa hiyo ndugu uliyeisambaza, usiifute, picha ni halali. Rekebisha maelezo tu: pale penye "uliopunguzwa makali" andika "mwelekeo wa mtetemo". Na hilo la kuungua liondoe kabisa, maana yalikuwa mawimbi ya redio na kamera haikuwepo, yalikuwepo madishi.