Tanzia si lazima mtu afe

Nimeisikia tena juzi, safari hii kwa mdogo wangu aliyeko kidato cha sita: "Tanzia ni tamthilia ambayo mhusika mkuu hufa mwishoni." Aliitamka bila kusita, maana ndivyo walivyoandikishwa.

Tanzia ni tamthilia nzito inayomtia mtu kwenye janga, mara nyingi janga ambalo mkono wake mwenyewe umo, mpaka mtazamaji aingiwe na huruma na hofu. Kifo kinaweza kuwemo, kinaweza kukosekana. Katika Eumenides, tamthilia ya Mgiriki Aeschylus ya mwaka 458 KK, Orestes anashtakiwa kwa kumuua mama yake, kura zinalingana, anaachiwa huru. Nayo ni tanzia.

Kinachotupotosha ni neno. Mtaani tukisikia "tanzia" tunajua kuna msiba, tunauliza mazishi lini. Wagiriki walisema tragoidia, "wimbo wa mbuzi": tragos ni beberu, oide ni wimbo, na wataalamu wangali wanabishana kama beberu huyo alikuwa zawadi ya mshindi au kafara. Letu limetoka kwenye Kiarabu, taaziya, na hata huko halimaanishi kifo. Ni kuwapa pole wafiwa. Linawaelekea waliobaki.

Ndiyo maana naona linaifaa sana Bacchae, tamthilia ya Mgiriki mwingine, Euripides, iliyoigizwa Athens mwaka 405 KK. Pentheus, mfalme wa Thebes, anakataa kwamba Dionysus ni mungu, anaamuru afungwe. Anaishia kuraruliwa mlimani na wanawake waliopagawishwa na Dionysus, mama yake Agave akiwa mbele yao. Kifo chenyewe hatukioni, tunasimuliwa na mjumbe. Kama tanzia ingekuwa kifo, mchezo ungeishia hapo. Lakini Agave anaingia na kichwa mikononi, akijisifu kwamba ameua simba. Baba yake, mzee Cadmus, hamfokei. Anamwambia atazame mbingu kwanza. Iko vilevile? Agave anaiona angavu kuliko mwanzo. Kisha mzee anamuuliza, polepole, uso alioushika ni wa nani. Wa simba. Hebu tazama vizuri. Anatazama.

Pentheus amekwisha kufa zamani. Anayetutetemesha ni huyu mama aliye hai.

Kwa hiyo, mdogo wangu, futa "hufa mwishoni", andika "hupatwa na janga". Kifo kikiwemo, kitaje kama tukio mojawapo.