Je, wajua? Ukiinua springi za pikapu ya tuwili, difu haipandi

Difu, lile tumbo la gia katikati ya ekseli ya nyuma, haipandi hata milimita moja. Najua wapo watakaobisha maana mimi mwenyewe nilibisha miaka mingi, niliamini kabisa kwamba gari likinyanyuka basi kila kilicho chini yake kimenyanyuka, mpaka siku niliyolala chini ya Hilux yangu na futi mkononi.

Ni Hilux ya zamani, tuwili, yaani inasukumwa na tairi za nyuma tu, na njia ninayopita kule Handeni malori yameichimba pande zote mbili, katikati pamebaki mgongo wa udongo mgumu. Difu ilikuwa inakwangua huo mgongo kila safari. Fundi akaniwekea bloku za sentimita 5, vipande vinavyochomekwa kati ya ekseli na springi za nyuma, gari likasimama vizuri likapendeza, nikaenda zangu Handeni na difu ikakwangua palepale ilipokuwa inakwangua siku zote. Nikapima kutoka tumbo la difu hadi chini, sentimita 18, zilezile za kabla ya bloku.

Sababu ni hii. Nyuma ya pikapu nyingi kuna ekseli nzima, bomba moja la chuma toka tairi hii hadi ile, na difu ni lile tumbo lililovimba katikati. Hilo bomba halining'inii kwenye chasisi, limebebwa na tairi. Juu ya ekseli zipo springi, juu ya springi ipo chasisi, kwa hiyo chochote unachochomeka kati ya ekseli na chasisi kinasukuma chasisi kwenda juu, ekseli inabaki ilipo. Fikiria mzee amevaa kanzu anavuka maji ya mvua. Akikunja kanzu hadi magotini, kanzu imepona, ila vifundo vya miguu bado vimo majini. Kuinua springi ni kukunja kanzu. Akitaka vifundo vitoke majini lazima avae kitu kirefu chini ya nyayo, mitalawanda mirefu tuseme, na mitalawanda ya gari ni tairi.

Na tairi nazo zinakupa nusu tu. Tairi ya 185R14 ina kipenyo cha kama milimita 650, ukihamia 225/70R15 na rimu zake unapata kama 696, tofauti 46, lakini ekseli iko katikati ya tairi kwa hiyo inapanda 23 tu. Kwangu hizo 23 ndizo zilizoivusha difu. Bei yake ni kwamba spidomita ikikuonyesha 100 wewe unakwenda karibu 107, na mlimani na mzigo gari linakuwa zito kidogo kwenye gia.

Basi kuinua springi kuna kazi gani? Ipo, tena kubwa: tangi la mafuta, bomba la moshi, bampa na ule mtambo wa chuma unaoshika mikono ya mbele, vile vyuma vinavyobeba tairi, vyote vinapanda, na unapata nafasi ya kuingiza hizo tairi kubwa zisikwaruze madigadi. Ila kuinua bodi peke yake, zile pakiti kati ya bodi na chasisi, kunakupa nafasi ya tairi tu, chasisi na injini havijasogea.

Mbele ndiko kwenye utamu. Hilux tuwili za miaka ya 1980 na Isuzu nyingi za zamani hazina springi ya kuzunguka mbele, zina tosheni baa, fito refu la chuma lililolala sambamba na chasisi, mwisho mmoja umeshika mkono wa tairi na mwingine umefungwa na boliti ya kurekebishia. Tairi ikipanda fito linapindika kama nguo unayoikamua, halafu linataka kurudi. Ukikaza ile boliti gari linapanda mbele bila kununua chochote, ndiyo maana kila gereji inaanzia hapo. Watu wanasema ukikaza springi inakuwa ngumu, na ukiendesha kweli unahisi hivyo, lakini ugumu wa fito unatokana na unene na urefu wake, boliti haiugusi. Godoro ukiliweka kwenye kitanda chenye matendegu marefu halijawa gumu, limekaa juu tu. Kinachokugonga ni kitu kingine: mkono wa tairi una safari yake, ni kama mlango uliofunguliwa nusu, unaweza kwenda huku na huku. Ukikaza boliti umeusogeza mlango hadi karibu na ukuta, tairi ikitaka kushuka kwenye shimo mkono unagota kwenye mpira wa kizuizi, na huo mgoto ndio tunaouita ugumu. Sentimita 3 hivi kwa magari mengi zinavumilika, inategemea gari lenyewe, na alaimenti, yaani kunyoosha tairi, lazima ifanywe upya maana tairi zinabadilisha mlalo.

Lakini tuwili ina bahati ambayo fowili, inayosukumwa na tairi zote nne, haina. Mbele hakuna shafti za kuzungusha tairi, kwa hiyo hakuna shafti ya kuvunjika pembe ikizidi, na unaweza kubadilisha kile chuma kinachobeba habu, yaani kitovu cha tairi, ukaweka ambacho habu yake imeshushwa. Gari linapanda, mikono inabaki kwenye mlalo wake wa kawaida, safari ya tairi haijaliwa. Bahati hiyohiyo ndiyo iliyofanya magari makubwa ya mbio za jangwani za Baja 1000 kule Mexico, zilizoanza 1967, yawe kwa miaka mingi ni ya kusukumwa nyuma tu. Toyota ilipotoa Tacoma ya tuwili yenye kimo cha fowili ikaiita PreRunner, jina la magari ya kukagua njia kabla ya mbio hizo. Mimi hilo linanifurahisha sana kila nikilifikiria.

Nyuma kuna njia tatu. Kuongeza jani moja kwenye majani ya chuma yanayounda springi kunainua na kusaidia mzigo, ila gari tupu litakurusha. Sheko ndefu, vile vyuma vinavyounganisha mwisho wa springi na chasisi, zinatoa nusu, ukirefusha sentimita 5 unapata 2 na nusu hivi, maana ni mwisho mmoja tu wa springi unaoshuka. Bloku ni rahisi kama springi zimekaa juu ya ekseli, ziwe za chuma, yuboti, zile boliti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli, ziwe mpya na ndefu, na usipange bloku juu ya bloku.

Na kabla hujatoka gereji angalia breki. Hilux nyingi zina valvu nyuma yenye mkono mwembamba ulioshika ekseli, inapima umbali kati ya chasisi na ekseli ili ijue kama kuna mzigo. Ukishainua, umbali umeongezeka, valvu inadhani gari ni tupu na inapunguza breki za nyuma hata ukiwa umebeba mahindi hadi juu. Mkono huo unatakiwa urekebishwe kwa kiasi kilekile ulichoinua gari, na paipu ya breki ya mpira ifike bila kuvutika.