Mshono wa Tumbo Haumwagiwi Unga wa Kapsuli

Idara ya upasuaji inaendelea kupokea wagonjwa waliopasuliwa utumbo, wakaruhusiwa wakiwa salama, kisha wakarudi mshono ukitoa usaha. Si wote waliokosea. Aliyepasuliwa kwa dharura, kwa mfano utumbo uliotobolewa na taifodi, huingia chumba cha upasuaji uchafu ukiwa umeshamwagika tumboni, na hatari ya maambukizi humfuata takriban siku 30. Lakini yapo mambo ya nyumbani yasiyo na sababu yoyote.

Kubwa ni kumwagia mshono unga wa kapsuli za rangi mbili, yaani za antibayotiki. Unga huganda juu ya mshono, usaha ukajikusanya chini yake. Majivu, spiriti na dawa ya meno, vivyo hivyo: msitie. Wala tumbo lililoshonwa halikandwi kwa maji ya moto. Hili tunalieleza wodini kila siku, na bado bibi akifika kuuguza, sufuria inabandikwa jikoni.

Saa 48 zikipita, kama kidonda kimefunga na hukupewa maelekezo tofauti, oga kwa kujimwagia maji safi, usisugue mshono, kausha taratibu. Mwenye mfuko wa choo uliobandikwa tumboni ahudumie mshono kwanza, mfuko baadaye.

Kuwasha kidogo ni kawaida. Wekundu unaosambaa, maumivu yanayozidi, harufu au homa ya nyuzijoto 38 si kawaida. Njoo siku hiyohiyo, na fomu yako ya ruhusa. Mshono ukiachia utumbo ukaonekana, usiurudishe ndani: funika kwa kitambaa safi kilicholowa maji yaliyochemshwa yakapoa, mgonjwa asile wala asinywe, aletwe mara moja.

Ukifika, usaha huchukuliwa kwa kijiti cha pamba na kuoteshwa maabara. Majibu hutoka baada ya siku 2 hadi 3. Ukiwa umeshameza nusu dozi ya antibayotiki, vimelea huenda visiote, nasi tukabaki kubahatisha dawa. Antibayotiki ni dawa ya cheti, na muuzaji anayeitoa bila cheti anavunja sheria. Mgonjwa kusema “nilimwomba tu” hakubadilishi kitu.

Nyuzi za tumbo kwa kawaida hutolewa kati ya siku ya 10 na 14. Zahanati ya karibu inaweza kuzitoa ukiwa na maelekezo ya daktari. Kijana wa duka la dawa hapana, na wembe wa nyumbani hapana kabisa.