"Ni uzee tu": tunavyokosea kuhusu wazee wanaopepesuka

Huku Goma, mzee akipepesuka kwenye mawe ya volkano, jirani husema: "Muache, ni uzee." Neno hilo limewaumiza wazee wengi. Ni kweli umri hupunguza nguvu za misuli na uwezo wa macho, lakini kizunguzungu kina chanzo chake, na mara nyingi kinatibika.

Koko wangu (huku koko ni babu au bibi), pale Majengo, akigeuka kitandani kutafuta kandambili zake, nyumba nzima ilikuwa inazunguka. Anashika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili, anafumba macho, na kabla hajamaliza kuita mtu, imepita. Sisi tukasema malaria. Akanywa dawa, wapi! Kumbe shida ilikuwa sikioni. Ndani kabisa ya sikio kuna chembe ndogo za chokaa zinazosaidia mwili kujua kama uko wima au umeinama. Zikitoka mahali pake na kuingia kwenye mifereji ya sikio, kichwa kikigeuka tu ubongo unadhani mwili mzima unazunguka. Kinini, ile dawa ya malaria aliyokunywa, haitibu jambo hilo. Daktari aliyeijua kazi hiyo alimlaza, akamgeuza kichwa hatua kwa hatua hadi chembe zikarudi. Dakika chache tu. Tena kinini yenyewe huweza kuleta mvumo masikioni na kizunguzungu, na sindano za gentamisini, dawa ya kuua bakteria, huweza kuharibu sikio la ndani lisipone tena. Tafadhali, tusiwadunge wazee wetu ovyo.

Wengine huacha dawa za shinikizo la damu kwa sababu zinawazungusha. Wasiache, wamweleze daktari, apunguze kipimo au abadilishe dawa. Asubuhi koko akae kwanza ukingoni mwa kitanda, achezeshe miguu, ndipo ainuke.

Linaloniuma zaidi ni hili: "Akae kitini asianguke." Miguu isiyotembea hulegea, na mzee huanguka kwa urahisi zaidi. Asimame nyuma ya kiti kizito, akishike, ainue mguu mmoja kwa sekunde 10, kisha mwingine, mtu akiwa karibu. Fimbo nayo si aibu. Kichwa cha fimbo kifike kwenye kifundo cha mkono ulioning'inia, na ishikwe upande wa mguu wenye nguvu.

Ila akipepesuka ghafla huku mdomo umepinda, maneno yanamkwama au mkono umelegea, huenda ni kiharusi. Tafuta gari saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.