Mjamzito na choo cha paka kinachojisafisha
Imani kwamba mwanamke akishika mimba lazima paka ahamishwe ni ya siku nyingi, na si sahihi. Vimelea vya toksoplazma, vijidudu vinavyoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, hutoka kwenye kinyesi cha paka aliyeambukizwa, na huchukua siku 1 hadi 5 kabla ya kuweza kumwambukiza mtu. Kwa hiyo kinyesi kiondolewe kila siku, na mtu mwingine ikiwezekana. Asipokuwepo, mama avae glavu kisha anawe kwa sabuni. Choo kinachojisafisha, yaani kasha la mchanga la paka lenye reki ya mashine, hakimalizi kazi hiyo: reki yake husukuma mabonge ya kinyesi hadi kwenye droo, yakakaa humo mpaka mtu ayamwage. Droo iliyosahauliwa wiki nzima inatisha kuliko paka mwenyewe. Nyama isiyoiva nayo huambukiza, ila hiyo hailaumiwi sana.